Mlimani na Vijijini: Historia ya Uchunguzi wa Mipango ya Taifa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Kuuliza kabla ya kuamua ni desturi ya kale katika nchi yetu. Katika sehemu nyingi wazee walikaa barazani wakawasikiliza waliopita nyikani na waliovuka mto, ndipo wakakata shauri la kulima au la kuhama. Asiyeuliza, walisema, hanalo ajifunzalo. Desturi hiyo ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama zilivyo ngoma na tenzi. Katika insha hii twataka kutazama jinsi desturi hiyo ilivyoingia katika chombo kipya, yaani Chuo Kikuu, na jinsi wasomi wa shahada za juu walivyojaribu kulisaidia taifa kuamua mambo yake kwa kujua.

Yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, lugha yetu ilitumia neno moja, siasa, kwa mambo mawili. Siasa ilikuwa ni mashindano ya kushika madaraka. Tena siasa ilikuwa ni njia iliyochaguliwa na serikali katika kutenda jambo. Hivyo tulisema "siasa ya Ujamaa na Kujitegemea", na mwaka 1972 TANU ilipokutana Iringa ikatangaza kwamba "Siasa ni Kilimo". Baadaye neno sera likashika nafasi ya maana ile ya pili. Mgawanyiko huo una faida, kwani sasa twaweza kusema kwamba sera yaweza kupimwa, kuchunguzwa na kusahihishwa, bila ya mpimaji kuonekana kuwa anagombea kiti cha mtu.

Gharama ya kuamua pasipo kuuliza tuliiona kabla ya uhuru. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe mdogo kuja kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa wingi katika Afrika ya Mashariki, kwa maana Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe ule ulizunguka kwa majuma tisa tu, kisha ukapendekeza mashamba ya ekari zaidi ya milioni tatu, mengi yakiwa katika Tanganyika. Kazi ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo. Matrekta yalivunjika kwenye mizizi ya vichaka, na udongo wa Kongwa ulipokauka uligeuka mgumu kama saruji, karanga zisiweze kung'olewa. Mvua nazo hazikunyesha kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Wagogo walioishi katika nchi ile walikuwa wakijua kwa vizazi vingi kwamba mvua ya Ugogo haiaminiki. Mpango wenyewe ulitungwa kwa ajili ya meza za Uingereza, na mwenye nchi akahesabiwa kuwa kibarua tu.

Kwa hiyo Tanganyika ilipokaribia uhuru, haja ya kuwa na wasomi wake yenyewe ilikuwa kubwa. Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu kikafunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini, nacho kilitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima kilichokipa jina la Mlimani. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha taifa, Mkuu wake akiwa Mwalimu Julius Nyerere.

Mwalimu alikuwa amekwisha kueleza taifa linatarajia nini kwa wasomi hao. Alipolihutubia Bunge mwaka 1964 alitoa mfano wa kijiji chenye njaa ambacho humpa kijana mmoja chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe msaada. Kijana huyo akila asirudi, ni msaliti. Mfano huo ulikuwa mzito, kwa maana watu wa Mlimani waliujua tangu siku zile, na hapakuwa na mtu aliyeweza kudai kwamba hakuambiwa.

Hapo ndipo vilipozaliwa vyombo vya uchunguzi. Mwaka 1965 kilianzishwa kituo cha uchunguzi wa uchumi, kilichojulikana kwa kifupi kama ERB; mwaka 1967 kikafuata kituo cha kuchunguza mali ya asili na matumizi ya ardhi, yaani BRALUP, ambacho mwaka 1983 kiligeuzwa kuwa taasisi kamili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikapata umbo lake mwaka 1970, na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1973. Huko Mzumbe, chuo cha uongozi wa maendeleo kilianzishwa mwaka 1972 kwa kuunganisha chuo cha serikali za mitaa na taasisi ya utawala iliyokuwa Mlimani. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Mzumbe. Katika vyombo hivyo mwanafunzi wa shahada ya uzamili hakukaa maktabani tu. Alipewa daftari la maswali, akapanda basi hadi wilayani, akatembea nyumba kwa nyumba akiuliza juu ya jembe, mbegu, maji na bei.

Lakini Chuo hakikupata njia yake bila msukosuko. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao, wa Mlimani na wa vyuo vingine, wakarudishwa makwao. Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi ukafanyika mkutano wa kujadili nafasi ya Chuo Kikuu katika nchi ya kijamaa. Swali lililogombewa lingali hai hata leo: je, kazi ya mchunguzi ni kuitumikia serikali kwa kuipa takwimu inazozitaka, au ni kuutumikia ukweli hata kama serikali haitapendezwa nao?

Tutazame mfano wa Rufiji. Wakulima wa bonde lile walikuwa na utaratibu wao: walipanda mpunga kabla ya mafuriko, na maji yalipopungua walipanda mazao ya mlau katika udongo wenye unyevu na rutuba mpya. Walilala katika madungu, vibanda vilivyojengwa juu ya nguzo, ili kuyalinda mashamba na wanyama. Mwaka 1968 mafuriko makubwa yalileta hasara, na serikali ikaanza kuwahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vipya katika ardhi ya juu. Nia ilikuwa njema: watu wawe salama, wapate shule, zahanati na maji. Wachunguzi wa Mlimani walipokwenda huko katika miaka ya 1970 waliona jambo ambalo halikuandikwa katika mpango. Mafuriko yaliyohesabiwa kuwa adui ndiyo yaliyokuwa mbolea ya mkulima. Ardhi ya juu ilikuwa kavu, na wengi walikuwa wakirudi bondeni kulima, wakitembea mwendo mrefu kutoka katika nyumba zao mpya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tulione jambo hili kwa haki. Mpangaji aliyekaa ofisini aliona maji yakimeza nyumba. Mkulima aliona maji yakileta chakula cha mwaka ujao. Wote wawili walisema kweli. Kazi ya mchunguzi ilikuwa kuzikutanisha kweli hizo mbili kabla ya amri kutoka. Kwa bahati mbaya mara nyingi alifika baada ya amri. Ndivyo ilivyokuwa pia wakati wa kuhamia vijijini kati ya mwaka 1973 na 1976, ambapo mamilioni ya watu walihama kwa haraka kuliko ilivyowezekana kuupima udongo wa mahali walipopelekwa.

Mfano wa pili watoka Kilimanjaro. Mkoa huo ulijulikana kwa kahawa, ndizi na shule nyingi, lakini kulikuwa na watoto waliougua utapiamlo. Mwaka 1975 wachunguzi wa BRALUP, wakiongozwa na Marja-Liisa Swantz, mwanachuoni kutoka Ufini, walitoa taarifa juu ya chanzo cha hali hiyo katika Wilaya ya Moshi. Hawakuishia kupima uzito wa watoto. Walitazama ukubwa wa kihamba, mapato ya nyumba, kazi alizobebeshwa mama na hali ya ndoa yake. Ikadhihirika kwamba chanzo kilikuwa pia katika maisha ya jamaa na mgawanyo wa ardhi na mali, na kwamba mahubiri peke yake juu ya chakula bora hayangetosha.

Kutokana na uzoefu huo lilizuka wazo kwamba mwanakijiji asiwe mtu wa kuulizwa tu, bali awe mchunguzi pamoja na msomi. Mwaka 1975 ulianza mradi wa Jipemoyo katika Wilaya ya Bagamoyo, chini ya Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana kwa ushirikiano na Ufini. Watafiti vijana wa Kitanzania na wa Kifini walikaa vijijini, wakashiriki kazi na mikutano, wakajadili na wenyeji matatizo yao. Twaona fahari kwamba mradi huo ulikuwa chini ya wizara ya utamaduni. Maana yake ni kwamba ngoma, jando, ufugaji na namna ya kugawana kazi vilitambuliwa kuwa nguvu ya maendeleo, wala havikuhesabiwa kuwa mabaki ya zamani yanayozuia njia.

Hapa yatubidi tuseme juu ya lugha. Mkulima wa Rufiji aliulizwa kwa Kiswahili na akajibu kwa Kiswahili. Maneno yake yakabebwa mpaka Mlimani, na huko yakageuzwa kuwa Kiingereza, yakajadiliwa kwa Kiingereza, yakahifadhiwa maktabani kwa Kiingereza. Mwenye kutoa ujuzi hakuweza kusoma kilichoandikwa juu yake, wala kukisahihisha. Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilionyesha kwamba taaluma ya Chuo Kikuu yaweza kufundishwa kwa lugha ya taifa. Lakini mfano huo haukuenea katika uchumi na mipango ya nchi. Kijana wa mfano wa Mwalimu alirudi kijijini, lakini amebeba chakula ndani ya gunia lililoshonwa mdomo.

Jambo jingine ni uhuru wa kusema. Mwaka 1970 Issa Shivji, akiwa bado kijana Mlimani, aliandika juu ya mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimya kimya nchini, akionya kwamba watumishi wakubwa wa mashirika ya umma waweza kugeuka tabaka jipya. Mwaka huohuo gazeti la wanafunzi lililoitwa Cheche lilipigwa marufuku. Hata hivyo, mwaka 1971 Mwongozo wa TANU wenyewe ulikemea viongozi wenye majivuno na ubwana. Mwaka 1973 Justinian Rweyemamu alitoa kitabu chake juu ya viwanda vya Tanzania, akionyesha jinsi vilivyofungamana na uchumi wa nje kuliko na kilimo chetu. Msomi huyo, aliyefariki mwaka 1982, alikuwa mwalimu Mlimani na pia mshauri wa Rais. Maisha yake yathibitisha kwamba mtu aweza kuikosoa njia na bado akaaminiwa kusaidia kuitengeneza.

Miaka ya 1980 ilileta mtihani mgumu. Fedha za kigeni zilipungua, bidhaa zikaadimika, na mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yakaendelea kwa miaka mingi mpaka makubaliano ya mwaka 1986. Wachumi wa Mlimani waligawanyika. Wako walioona kwamba thamani ya shilingi haina budi kushushwa. Wako walioona kwamba kufanya hivyo ni kuuza uhuru. Walibishana hadharani, na ubishi huo ulikuwa faida kwa taifa. Lakini mishahara ilipokosa kutosha, baadhi ya walimu waliondoka nchini, na waliobaki wengi walifanya uchunguzi uliolipiwa na wafadhili. Mwenye kulipa ndiye aliyechagua swali. Mwaka 1986 sheria iliunda Tume ya Sayansi na Teknolojia kushika nafasi ya Baraza la Utafiti la mwaka 1968, na katika miaka ya 1990 zikaanzishwa taasisi za utafiti wa sera nje ya Chuo. Lakini suala la nani achague swali halijaisha.

Tumejifunza nini? Kwanza, kwamba uchunguzi unaokuja baada ya amri ni kama mganga anayefika matangani. Pili, kwamba serikali inayomnyamazisha mchunguzi hujinyima macho yake yenyewe. Tatu, kwamba matokeo yasiyorudi kwa wenyewe kwa lugha wanayoielewa ni deni lisilolipwa.

Deni hilo halihusu wenye shahada peke yao. Mwalimu wa shule ya sekondari aweza kuwatuma wanafunzi wake wakaulize mahali walipo: kwa nini kisima kilichochimbwa kimeachwa, kwa nini zao fulani halilimwi tena, nani aliulizwa kabla ya barabara kupitishwa. Waandike majibu kwa Kiswahili safi, kisha wayasome mbele ya wale waliowajibu. Mzee mmoja akisimama akasema, "Hapo mmekosea, haikuwa hivyo," basi wasahihishe palepale.