Dansa ya Kuaga Shule Katika Marekani, na Bei Yake

Kila taifa lina desturi yake ya kuwatoa vijana katika utoto na kuwaingiza katika utu uzima. Wengine huwapeleka jandoni. Wengine huwaweka wari ndani, kisha huwatoa kwa ngoma na karamu. Katika Marekani, nchi iliyokusanya watu wa kila asili, desturi ya namna hii iliyoenea sana imezaliwa shuleni. Ni dansa kubwa ifanywayo karibu na mwisho wa mwaka wa masomo, kwa ajili ya wanafunzi wanaokaribia kumaliza shule ya sekondari, nayo huitwa promu. Yafaa tuitazame historia yake, kwa maana ndani yake mna fundisho juu ya fedha, juu ya heshima, na juu ya mtu na jirani yake.

Jina hilo ni kipande cha neno la Kifaransa lenye maana ya matembezi. Zamani wageni waliifungua karamu kwa kupita ukumbini wawili wawili, mwanamume na mwanamke, kwa mwendo wa taratibu, ili watazamwe. Dansa hii ilianza katika vyuo vikuu vya upande wa mashariki, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1894 twapata habari ya kijana wa chuo cha Amherst aliyealikwa promu katika chuo cha wanawake cha Smith, kilicho jirani. Kielelezo chake kilikuwa karamu za matajiri, ambao walikuwa na desturi ya kumvika binti gauni jeupe na kumtoa mbele ya watu wa daraja lao, ijulikane kwamba sasa amefikia umri wa kuposwa.

Basi, jambo la matajiri liliwafikiaje watoto wa mafundi na wakulima? Lilifuata njia ya elimu yenyewe. Mwaka 1900, katika vijana 100 wa Marekani wenye umri wa miaka 17, waliomaliza shule ya sekondari walikuwa kama 6 tu. Kufikia mwaka 1940 walikuwa kama 50. Shule zilipojaa watoto wa kila hali, walimu waliona kwamba karamu ile yaweza kuwa darasa la adabu: kijana ajifunze kuvaa nadhifu, kumwalika mwenzake kwa heshima, kuketi mezani, kuwasalimu wakubwa na kuagana nao. Jambo lililokuwa urithi wa wachache likawa zawadi kwa wengi. Na hapo mwanzo gharama ilikuwa ndogo. Ukumbi ulikuwa ni ule ule wa michezo wa shule, uliopambwa na wanafunzi wenyewe kwa karatasi za rangi, na nguo zilikuwa zile za Jumapili.

Baada ya vita vya pili vya dunia, mali ilipoongezeka nchini, hasa katika miaka ya 1950, dansa ilianza kuhama shuleni. Ilikwenda katika hoteli na katika vilabu vya watu wenye nafasi. Hata nyumba ya Rais ilipata kuingiwa na desturi hii: tarehe 31 Mei 1975, Susan Ford, binti wa Rais Gerald Ford, alifanya promu ya darasa lake la shule ya Holton-Arms katika chumba kikubwa cha mashariki cha White House.

Tangu hapo mahitaji yakazidi kuongezeka. Msichana hutaka gauni refu jipya, viatu vya kulandana nalo, na mtengeneza nywele. Mvulana hukodi suti nyeusi ya jioni, na hununua shada dogo la maua la kumfunga mwenzake mkononi. Tena kuna tikiti, chakula, mpiga picha, na motokaa ndefu ya kukodi kwa usiku mmoja. Katika miaka ya karibuni hata kumwalika mwenzi kumekuwa tamasha la peke yake, lenye mabango na zawadi, nalo hupigwa picha ili watu wote walione.

Kampuni ya Visa iliwahi kuwauliza wazazi wa Marekani wanatazamia kutumia kiasi gani. Mwaka 2013 majibu yalikuwa wastani wa dola 1,139 kwa nyumba moja. Mwaka 2015 yalikuwa dola 919, na katika hizo dola 324 zilikuwa za ule mwaliko tu. Ni kweli kwamba hizi ni hesabu za watu walioulizwa, wala si za kila nyumba. Lakini ndani ya hesabu za mwaka 2015 kulikuwa na jambo la kushangaza. Jamaa wenye mapato ya chini ya dola 25,000 kwa mwaka walitazamia kutumia dola 1,393, na wale wenye mapato ya zaidi ya dola 50,000 walitazamia kutumia dola 799. Maskini alimzidi tajiri! Ukipiga hesabu, utaona kwamba yule wa kwanza alikuwa tayari kutoa zaidi ya dola 5 katika kila 100 za mapato ya mwaka mzima, kwa ajili ya usiku mmoja. Yule wa pili hakufikia dola 2 katika 100.

Msomaji atasema upesi kwamba huu ni upumbavu. Nami nasema, tusifanye haraka kuhukumu. Mtoto wa tajiri anazo karamu nyingi mbele yake, na hata akivaa gauni la kawaida hakuna atakayemdharau, kwa kuwa watu wanaijua nyumba yao. Mtoto wa maskini hana ila usiku ule. Baba asiye na shamba wala nyumba ya kumrithisha mwanawe aweza kumpa saa chache ambazo hakuna mtu awezaye kumtambua kuwa ni maskini. Anachonunua si gauni; ananunua kinga ya aibu. Na kinga ya aibu haina bei maalumu, kwa maana hakuna ajuaye mwenzake atavaa nini. Kila mmoja huongeza kidogo, asije akaonekana nyuma; na wote wakiisha kuongeza, kila mtu yupo pale pale alipokuwa, ila mifuko imekuwa mitupu.

Lakini kulikuwa na mlango mwingine ambao hata fedha haikuweza kuufungua. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali ni kinyume cha sheria. Katika majimbo ya kusini shule nyingi zilichelewa kutii mpaka karibu na mwaka 1970. Walipoanza kusoma pamoja, katika miji kadhaa shule ziliacha kusimamia promu, na wazazi wakaifanya wenyewe kwa faragha, ya weupe mbali na ya weusi mbali. Hivyo shule iliweza kunawa mikono, ikisema, "Dansa hiyo si yetu." Wenyeji wa pwani yetu husema: Mcheza kwao hutunzwa. Watoto hawa waliketi dawati moja na kucheza mpira katika timu moja, lakini ilipofika siku ya kutunzwa, waliambiwa kwamba si kwao.

Katika mji wa Charleston, jimbo la Mississippi, mwigizaji Morgan Freeman alijitolea mwaka 1997 kulipa gharama yote ya promu, kwa sharti moja tu, kwamba wanafunzi wote wacheze pamoja. Alikataliwa. Akarudia ahadi yake mwaka 2008, nayo ikakubaliwa. Ndipo weusi na weupe wa shule ile wakacheza pamoja mara ya kwanza, ingawa baadhi ya wazazi weupe walifanya bado dansa yao ya peke yao. Katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Georgia, hawakungoja tajiri. Mwaka 2013 wasichana wanne marafiki, wawili weusi na wawili weupe, walichangisha fedha, wakatengeneza promu ya watu wote. Mwaka uliofuata shule yenyewe ikaichukua kazi hiyo.

Na kwa habari ya gharama pia, vijana ndio walioonyesha njia. Huko Florida msichana mmoja wa shule alikusanya magauni zaidi ya 250 yaliyokwisha kuvaliwa, akawagawia wenzake wasioweza kununua. Alikufa katika ajali ya motokaa mwaka 2003, lakini kazi yake iliendelezwa na chama kiitwacho Becca's Closet, na vyama vingine vya namna hiyo vimetokea mahali pengi. Gauni huvaliwa usiku mmoja tu. Likipita mikono mitatu, furaha ni tatu na bei ni moja.

Basi, tukumbuke sababu iliyowafanya walimu wa kwanza kuileta karamu ile shuleni: mtoto wa fundi asimame sawa na mtoto wa tajiri katika saa ya kuagana. Vijana kucheza si kosa, wala mzazi kufurahi si kosa. Kosa huingia pale ambapo shule huuacha mlango wake ulindwe na wengine, wakachagua nani aingie na kwa bei gani. Sisi tunaofundisha, na ninyi mnaolipa, tukitengeneza sherehe yo yote ya kuwaaga watoto wetu, tuanze kwa kumhesabu yule aliye maskini kuliko wote darasani. Akiweza kuingia yeye bila deni na bila aibu, wote wataingia.