Ufundi wa Wazee Wetu

Wako ndugu zetu, hata waliosoma, wasemao kwamba Mwafrika alipewa vyote na wageni, wala hakubuni chombo chochote. Neno hili twalisikia hapa Goma hata mlangoni pa kanisa, nalo lawadhuru vijana kuliko tudhanivyo, maana kijana akiisha kuliamini hajaribu tena kuunda kitu. Basi na tulipime, wala hatuna haja ya kwenda mbali.

Kaskazini ya mji wetu, pale mto Semliki utokapo katika ziwa Edward, pana mahali paitwapo Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, mtaalamu wa miamba, alichimba huko akakuta mfupa mdogo, urefu wake sentimeta 10 hivi, umetiwa kipande cha jiwe kikali nchani, kama kalamu. Juu yake zimechanjwa alama 168 kwa safu tatu. Si mikwaruzo ya ovyo. Katika safu moja mafungu yake ni 11, 13, 17 na 19. Katika nyingine 3 hufuatwa na 6, na 4 hufuatwa na 8. Safu mbili zina jumla ya 60 kila moja. Alihesabu nini mtu huyo? Siku za mwezi, au kitu kingine? Wataalamu wangali wakibishana. Wengine wamefika kusema kwamba hesabu zote za dunia zilianzia hapo. Sisi hatuwafuati huko. Yatosha kwamba mfupa huo una miaka 20,000 hivi. Nao umewekwa Brussels, hata mtoto wa Kivu hana budi kupanda ndege ili auone!

Katika bonde hilo hilo, huko Katanda, zimefukuliwa chusa za mfupa zenye meno, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Wachimbaji wamezikadiria kuwa na miaka 90,000.

Na chuma je? Maandiko Matakatifu humtaja Tubalkaini, mfua chuma. Buhaya nako, magharibi ya ziwa Viktoria, wahunzi waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Waliingiza mabomba ya udongo ndani ya tanuru, ili pumzi ya mivukuto ipate moto kabla ya kuyafikia makaa. Hivyo wakapata feleji. Baadaye chuma cha dukani kikawa rahisi, matanuru yakazimika. Miaka ya 1970 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliwaomba wazee wajenge tena. Wazee walikuwa wachache, lakini walikumbuka, na chuma kikatoka. Wangalichelewa kidogo, nani angaliwaonyesha?

Tena tunayo chukudu yetu: mti mtupu, magurudumu mawili yaliyovikwa mpira wa matairi makuukuu. Yachukua viazi na makaa, mamia ya kilo, toka Kibumba hadi sokoni, bila tone la petroli. Mwaka 2009 sanamu yake ya rangi ya dhahabu ilisimamishwa katika njia panda ya mji. Hata hivyo wazazi wengi, wakimwona mtoto akichonga chukudu yake ya mchezo, humwita aache upuzi.