Mchoraji wa Mikeno: Baridi ya Mlimani na Chumba cha Kuchorea

Sisi watu wa Goma hatuna majira ya baridi kama ya Ulaya. Mwaka wetu twaugawa kwa mvua na kiangazi. Lakini baridi yenyewe tunayo, nayo inakaa juu ya vichwa vyetu. Mlima Karisimbi una mita 4,507, na asubuhi nyingine kilele chake huonekana cheupe kwa mvua ya mawe au theluji. Wazee husema jina lake latokana na neno isimbi, yaani simbi nyeupe. Jirani yake ni Mikeno, mita 4,437, wenye ncha kali kama jino. Jina hilo nalo huelezwa kuwa lahusu ufukara, maana hakuna aliyeweza kujenga wala kulima kule juu.

Katika baridi hiyo, mwaka 1926, mchoraji mmoja alisimama na rangi zake ili aichore nchi yetu. Habari zake zafaa kujulikana, kwa sababu picha aliyoitoa huko ingali ikitazamwa na maelfu ya watu mbali sana na hapa, na wengi wetu tulio chini ya mlima huo hatujapata hata kuisikia.

Nje na ndani

Kwanza tuelewe desturi ya wachoraji wa nchi za baridi. Zamani walitoka nje siku za joto, wakatazama miti na mawingu, wakayaandika kwa kalamu ya risasi. Siku za theluji walikaa ndani, karibu na moto, wakamalizia kazi kwa rangi. Walipenda chumba chenye dirisha la kaskazini, kwa kuwa jua la huko halipiti upande ule, na kwa hiyo mwanga haubadiliki sana mchana kutwa.

Rangi za mafuta zilikuwa taabu kuzichukua safarini, maana zilitiwa katika vibofu vya nguruwe, na vibofu hupasuka. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akabuni tyubu ya bati yenye kifuniko. Tangu hapo mchoraji aliweza kutia rangi zake mfukoni na kwenda popote, hata kwenye theluji. Mfaransa Claude Monet alifanya hivyo. Picha yake ya ndege mmoja juu ya lango, katika shamba lililofunikwa na theluji, aliichora majira ya baridi ya mwaka 1868 kuingia 1869. Mtu aliyekaa ndani angepaka theluji nyeupe tupu. Monet aliyesimama nje aliona kwamba kivuli juu ya theluji ni cha buluu.

Hiyo ndiyo faida ya kutoka nje: jicho hupata yale ambayo akili peke yake isingeyabuni.

Carl Akeley na mlima wetu

Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley, fundi wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York, alifika Kivu kumtafuta gorila wa milimani, yule tunayemwita ngagi. Alipokewa katika misheni ya Mapadri Weupe ya Lulenga, chini ya Mikeno, na kutoka hapo akapanda msituni. Msafara wake uliua gorila watano. Akeley alikuwa mwindaji wa siku nyingi, lakini safari hii moyo ulimchoma. Aliandika baadaye kwamba ilimbidi ajikaze kwa ajili ya elimu asijione kuwa muuaji.

Aliporudi kwao alianza kuwaomba wakuu wa Ubelgiji waulinde mlima huo. Ombi lake halikuwa bure: tarehe 21 Aprili 1925, kwa amri ya Mfalme Albert wa Kwanza, ilianzishwa hifadhi iliyoitwa kwa jina la mfalme huyo. Mwaka 1929 ilipanuliwa sana, na mwaka 1969 ikapewa jina la Virunga.

Lakini Akeley alikuwa na haja nyingine. Alitaka wale gorila watano wasimamishwe New York katika nchi yao: miti yao, majani yao, na nyuma yao mandhari yenyewe iliyochorwa ukutani. Wakati ule picha za kamera alizoweza kupiga mlimani zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kamera ilionyesha umbo la jani, haikuonyesha rangi yake. Kwa hiyo aliporudi mwaka 1926, akitoka Kenya kwa njia ya Uganda, alimleta mchoraji: William Robert Leigh, mtu wa miaka 60, aliyesoma kazi yake München, Ujerumani.

Kazi ya Kabara

Kambi iliwekwa Kabara, uwanja mdogo katikati ya Mikeno na Karisimbi, zaidi ya mita 3,000 juu. Ilikuwa Novemba, wakati wa mvua. Aliyepanda huko ajua hali yake: miti mikubwa ya hagenia yenye ndevu za kuvumwani, matope hadi magotini, ukungu unaokuja na kufunika kila kitu, halafu mvua ya mawe. Akeley alipanda akiwa mgonjwa. Mwezi huohuo akafa kambini, akazikwa palepale Kabara.

Mjane wake, Mary Jobe Akeley, hakushuka mara moja. Yeye na wenzake walibaki mlimani kuimaliza kazi. Wengine walikusanya mimea na kupiga picha. Leigh alichora.

Fikirini kazi ya mchoraji katika hali ile. Rangi ya mafuta kwenye baridi huwa nzito, haitii brashi. Kwenye unyevu haikauki upesi, na ubao mbichi hauna budi kuchukuliwa bila kuguswa. Vidole hufa ganzi. Mawingu hufunguka kwa dakika chache, bonde likaonekana na milima ya moto ya Nyiragongo na Nyamulagira ikatokea kwa mbali, kisha pazia likashuka tena. Mchoraji hana nafasi ya kupamba. Atie upesi yale aliyoyaona: kijani hiki si kile, moshi huu una rangi ya zambarau, mwamba ule mweusi wakati wa mvua huwa wa kijivu jua likitoka. Ubao mdogo unaochorwa hivyo mtu aweza kuudharau, akidhani ni picha isiyokwisha. Kumbe huo ndio ushahidi, na yote yatakayofuata yatautegemea.

Tusiwasahau na wapagazi. Tyubu za rangi, mbao, mahema na chakula havikupanda Mikeno vyenyewe. Vilipanda juu ya vichwa na mabega ya watu wa nchi hii, katika baridi ileile, na nguo zao zilikuwa nyepesi kuliko za wageni. Wachoraji twawajua kwa majina. Majina ya wapagazi hayakuwekwa pamoja nao, na hilo ni deni la historia.

Ukuta wa New York

Katika miaka ya 1930 Leigh aliichora picha kubwa ndani ya jumba la New York. Ukuta wake si wa kawaida: umepinda kama ndani ya nusu ya chungu, hauna pembe, ili jicho lisione mwisho wa mbingu. Ugumu wake ni kwamba mstari ulionyooka, ukichorwa kwenye ukuta uliopinda, huonekana umepinda. Basi fundi aweza kuipima picha ndogo ya mlimani kwa miraba, kisha kuihamisha mraba kwa mraba, akisahihisha kila mahali ukuta unapodanganya. Mbele ya ukuta ilipangwa mimea, nayo ilibidi iungane na mimea iliyochorwa, mshono usionekane.

Huko nje ya jumba, majira ya baridi ya New York, kuna theluji barabarani na jua huzama mapema. Mle ndani mchoraji hufanya kazi kwa taa za umeme, kwa sababu picha itatazamwa kwa taa hizohizo. Hana mlima wa kuuangalia. Ana mbao zake ndogo tu, na kumbukumbu yake. Kama alidanganya kule juu, hapa hawezi kujisahihisha.

Ukumbi huo, ulioitwa kwa jina la Akeley, ulifunguliwa tarehe 19 Mei 1936, siku ambayo ingekuwa ya kuzaliwa kwake. Gorila dume amesimama akijipiga kifua, na nyuma yake, kwa mkono wa Leigh, kuna nchi yetu na milima yake ya moto.

Picha kama shahidi

Mwaka 2010 Stephen Quinn, mchoraji wa jumba hilohilo, alipanda Mikeno akasimama kuichora tena mandhari ile. Kati ya picha hizo mbili yamepita mengi. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walipiga kambi Kibumba na Katale, na msitu ukakatwa kwa ajili ya kuni. Leo mashamba na nyumba za Kibumba na Rugari vimefika mpakani mwa hifadhi. Nyiragongo ulitema moto mwaka 1977, kisha Januari 2002 ukalifunika hata kanisa kuu letu la Goma, na tena Mei 2021. Walinzi zaidi ya 200 wa hifadhi wameuawa katika kazi yao. Hata hivyo ngagi hawajakwisha: wale wa milimani, hapa na katika nchi jirani, sasa wamepita 1,000.

Nani atatuambia nchi ilikuwaje kabla ya hayo? Wazee watasema, na maneno yao ni ya thamani. Lakini rangi ya msitu wa mwaka 1926 iliandikwa na mtu aliyetetemeka kwa baridi na hakukubali kusema uongo. Mlima hauwezi kwenda mbele ya hakimu kudai haki yake. Picha ya kweli yaweza kuusemea.

Kwa hiyo nawasihi walimu na vijana wetu wapendao kuchora. Wengi huchora Nyiragongo ndani ya nyumba, wakiiga picha ya mwenzao, na moto wake huwa mwekundu sikuzote. Tokeni nje kwanza, hata kukiwa na ukungu. Chukueni karatasi ndogo na kalamu, na kama rangi hamna, andikeni majina ya rangi kwa maneno. Kisha rudini nyumbani mkamalizie kwa subira. Mwenyezi Mungu ametupa milima ambayo wengine walivuka bahari waione. Si vyema wajukuu wetu waende New York kujua ilivyokuwa.