Juma la Idd: Habari za Nyumba na Wageni baina ya Ujiji na Usumbura

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kutokana na nafsi moja akaamrisha udugu uungwe wala usikatwe. Historia za miji huandikwa mara nyingi kwa majina ya watawala, kwa vita vilivyopiganwa na kwa majengo yaliyosimamishwa. Lakini iko historia nyingine isiyochongwa katika jiwe lolote, nayo ni historia ya nyumba: nani alimpokea nani, wageni walilala wapi, na chungu kilitosha kwa njia gani. Makala haya yanaeleza juma moja tu la mwaka, yaani juma la Idd el-Fitri, jinsi lilivyokuwa zamani za utawala wa Wabelgiji katika nyumba za Waislamu wa Usumbura, mji ambao tangu 1962 unaitwa Bujumbura, pale walipofikiwa na jamaa zao wa Ujiji na Kigoma.

Waislamu wa mji huo hawakuwa wa asili moja. Ujiji ulikuwa mji wa biashara kabla Usumbura haujawa mji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta huko wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walipojenga boma lao Usumbura, walifuatana na askari, wapagazi, mafundi na wachuuzi, na wengi wa hao walikuwa watu wa Ujiji, watu wa Manyema, na watu wa pwani. Baadhi yao walioa huko huko, wakajenga, wakazaa. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu aliyezaliwa Usumbura aliweza kuwa na babu wa Kasongo, bibi wa Ujiji na mama wa Kirundi, na lugha iliyowaunganisha wote ikawa Kiswahili. Mtaa wa Buyenzi ndio uliojulikana zaidi kuwa mtaa wa Waswahili hao.

Hapo kwanza hapakuwa na mpaka uliowatenga. Chini ya Wajerumani pande zote mbili zilikuwa nchi moja. Mwaka 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliteka Usumbura na Kigoma, na pande hizo zikakaa tena chini ya mtawala mmoja mpaka 1921, Kigoma na Ujiji zilipokabidhiwa kwa Waingereza. Tangu hapo ndugu wa tumbo moja wakawa raia wa serikali mbili. Huku fedha ilikuwa faranga ya Kongo, kule ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki. Huku karani aliandika Kifaransa, kule aliandika Kiingereza. Mpaka huo haukuuvunja udugu, ila uliufanya uwe na gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyolipwa katika juma la Idd.

Kutoka Kigoma mpaka Usumbura kwa njia ya ziwa ni zaidi ya kilometa 160. Wenye uwezo walingojea meli. Mashuhuri miongoni mwa meli za ziwa hilo ni Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande kwa gari la moshi, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Wasio na nauli walisafiri kwa mitumbwi wakiambaa pwani, wakipumzika Nyanza na Rumonge kwa jamaa wengine, ambao nao walistahiki kuamkiwa na kuletewa chochote.

Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi katika mwaka wa jua, na jambo hilo liliigeuza hali ya ugeni. Mwaka 1950 Idd iliangukia mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, ambapo pepo za kusini huvuma kwa nguvu na kuyainua mawimbi ya ziwa. Mgeni alifika amechoka na nguo zimelowa, lakini aliweza kulala uani juu ya mkeka chini ya nyota. Mwaka 1960 iliangukia mwezi wa Machi, wakati wa mvua. Ziwa lilikuwa na utulivu zaidi, lakini hapakuwa na kulala uani, na nyumba ya vyumba viwili ikawalaza watu kumi na tano, wanawake na watoto chumba hiki, wanaume chumba kile, na vijana wakapelekwa kwa jirani.

Maandalizi yalianza katika kumi la mwisho la Ramadhani. Kuta zilipakwa chokaa au udongo mweupe, mikeka mipya ilinunuliwa, na mama mwenye nyumba alianza kuweka akiba ya mchele wa bonde la Imbo, sukari, na mafuta ya mawese. Mawese ndiyo yaliyoutambulisha upishi wa mwambao huo, kwa kuwa nazi ya pwani ilikuwa mbali. Baba alipeleka kitambaa kwa fundi cherehani mapema, kwa maana aliyechelewa alivaa kanzu ya mwaka jana.

Hapa pana jambo ambalo wavuvi walilijua zaidi kuliko wengine. Dagaa wa ziwa hilo huvuliwa usiku kwa mwanga, hapo kale kwa moto wa kuni, baadaye kwa taa za karabai; na mwanga huo hufaa katika usiku wa giza tu. Idd el-Fitri huingia pamoja na mwezi mwandamo, giza likiwa bado nene, basi dagaa huwa wengi sokoni. Idd el-Haji, inayoangukia tarehe kumi ya mwezi, hukuta mbalamwezi imekwisha kuwa kubwa na uvuvi wa taa unapungua. Kwa hiyo Idd ya kwanza ilikuwa sikukuu ya samaki, lakini wavuvi wenyewe walivutwa huku na huku: nyumbani kuna wageni, na ziwani kuna riziki. Nyumba nyingi za wavuvi zilisherehekea mchana, na magharibi baba akashika kasia.

Hata majina ya samaki yalikuwa chanzo cha utani. Samaki yule yule ambaye watu wa Usumbura humwita mukeke, watu wa Kigoma humwita mgebuka. Na dagaa huku huitwa ndagala. Wageni walipokaa kula, kila upande ulishikilia kwamba jina lake ndilo lililo sahihi, na watoto wakajifunza yote mawili. Ndivyo watoto walivyopata kujua, bila ya kufundishwa darasani, kwamba wana kwao kwingine.

Jambo zito zaidi lilikuwa la mwezi. Mgeni aliyetoka Ujiji aliweza kuwa ameanza kufunga siku moja kabla ya wenyeji wake. Jioni ya siku yake ya thelathini wenyeji walikuwa na ishirini na tisa, na mwezi usipoonekana palikuwa na mashaka: je, mgeni ale peke yake, au afunge siku ya thelathini na moja? Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii walikwisha kulieleza jambo hilo tangu zamani: msafiri huwafuata watu wa mji aliomo. Basi mgeni alifunga pamoja na mwenyeji, na haya ndiyo yaliyokuwa adabu na sheria kwa pamoja. Pale ambapo ubishi uliachwa ukue, iliwezekana nyumba moja kupikiwa Idd mbili, na furaha ikageuka uchungu. Zaka ya fitri nayo ilifuata njia hiyo: jua la mwisho la Ramadhani lilipomchwea mtu Usumbura, pishi yake ya nafaka ilitolewa kwa maskini wa Usumbura. Mgeni mwenye uwezo aliitoa mwenyewe kwa ajili yake na watu wake, wala hakumtwika mwenyeji.

Siku yenyewe ya Idd ilipita kwa haraka. Takbiri zilisikika tangu usiku. Asubuhi watu walioga, wakaonja kitu, wakaenda kuswali kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Kisha ikawa kuamkiana nyumba kwa nyumba. Mdogo alishika mkono wa mkubwa na kusema, “Shikamoo, shangazi,” naye akajibiwa “Marahaba” na kuombewa dua, na mara nyingine kutiwa senti kiganjani. Watoto walitembezwa kwa kila jamaa ili wamjue kwa uso na kwa jina: huyu mjomba, huyu mama mdogo, huyu mwamu wa baba yako. Jioni makaburi yalizuruliwa, na wageni wakaonyeshwa mahali walipozikwa wale ambao hawakuwahi kuwazika.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mafunzo ya dini yameuweka ugeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Lakini jamaa wa ng’ambo walikaa juma zima au zaidi, kwa kuwa chombo cha kurudi hakikupatikana kila siku. Jambo hilo liliwezekanaje bila ya kumfilisi mwenyeji? Jawabu ni kwamba jembe lilishikwa kweli. Siku ya nne shangazi wa Ujiji hakuwa mgeni tena. Alijifunga khanga kiunoni akaingia jikoni, akachambua mchele, akakaanga samaki. Mjomba alifuatana na mwenyeji sokoni au akasaidia kuezeka paa. Na wazee wengi walianza kufunga Sita ya Mfunguo Mosi tangu siku ya pili, hivyo chungu kikapumzika mchana. Mwenye nyumba aliyekuwa akifunga sunna aliruhusiwa kuifungua kwa ajili ya kumfurahisha mgeni, na wengi walifanya hivyo bila ya kumwambia mtu.

Hata hivyo haifai kuisifu zamani kupita kiasi. Uzito wa juma hilo uliwaelemea zaidi wanawake, walioamka kabla ya alfajiri na kulala baada ya wote. Wako wanaume waliokopa kwa aibu ya kuonekana hawana, wakalipa deni la siku saba kwa miezi sita. Wako wajane waliofunga mlango siku ya Idd, si kwa kuchukia wageni, bali kwa kutokuwa na cha kuwawekea. Katika mitaa iliyokuwa na watu wenye busara, majirani walituma sahani kwa mjane kabla ya kuwapakulia wageni wao, ili naye apate kusema “karibu” bila ya kufedheheka. Hiyo ndiyo alama ya mtaa ulioijua dini yake.

Katikati ya juma, vishindo vilipopungua, wazee waliketi kwa mambo yaliyowaleta. Mirathi iliyokwama kwa sababu mrithi mmoja alikuwa ng’ambo iligawanywa. Posa ilipelekwa na mahari ikapatanwa. Ndugu walionuniana walikalishwa mkeka mmoja. Mambo hayo hayakuweza kumalizwa kwa barua, kwa maana karatasi haina uso wala haina machozi. Aliyekuja Idd kwa ajili ya pilau alirudi na pilau. Aliyekuja kwa ajili ya udugu alirudi na haki yake.

Siku ya kuagana wageni walifungashiwa dagaa wakavu na chupa ya mawese, nao walikuwa wamekwisha kuacha khanga au pishi mbili tatu za mchele. Kila upande ulidai umepewa zaidi.

Faida kamili ya desturi hiyo ilionekana baadaye, wakati wa dhiki. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, na Burundi tarehe 1 Julai 1962. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa Burundi, na watu wengi wakakimbilia Tanzania. Na tangu 1993 vita vikawatoa tena wengine kwa maelfu. Kambi zilijengwa, na wengi hawakuwa na pengine pa kukimbilia. Lakini aliyewahi kulala utotoni juu ya mkeka wa mjomba wake Ujiji hakuhitaji kuuliza njia. Alijua mlango, na mlangoni alijulikana jina lake. Sahani zilizopakuliwa wakati wa Idd miaka ishirini nyuma zilikuwa akiba, ingawa waliozipakua hawakujua wanaiweka kwa siku gani. Kwa upande mwingine, nyumba ambazo zilikuwa zimeacha kutembeleana ziliwapata ndugu zao kwa shida, na wengine hawakuwapata kabisa.

Kati ya 1996 na 1999 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, na safari za ziwani zikawa ngumu. Mwaka 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na njia za kwenda na kurudi zikawa nyepesi kuliko wakati wa wazee. Simu nayo imeyaleta masikioni maneno ya “Idd mubaraka” kabla jua halijapanda. Ni neema. Lakini simu haimwonyeshi mtoto kaburi la babu yake, haigawanyi mirathi, wala haimfundishi kwamba mukeke na mgebuka ni samaki mmoja. Wazee wa Usumbura na Ujiji walilipa nauli, wakalowa kwa mawimbi, wakabanana katika vyumba viwili, ili watoto wao wajuane. Basi anayetaka kujua kama desturi hiyo ingali hai nyumbani kwake, na amwulize mtoto wake jina la shangazi yake wa ng’ambo. Akilitaja, Alhamdulillahi. Asipolitaja, Mfunguo Mosi hauko mbali.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awaunganishe waliobaki. Amin.