Chapa juu

(Kitenzi, istilahi ya uchapaji.) Kuweka wino juu ya rangi nyingine bila kuiondoa rangi iliyo chini.

Mfano: Katika lebo ya kahawa ya Muleba, herufi nyeusi huchapwa juu ya kijani, ili mstari mweupe usijitokeze kandokando karatasi ikisogea mtamboni.

Tahadhari: Herufi nyeupe zisiwekewe mpangilio huu. Weupe ni karatasi yenyewe, si wino; faili likimfikia hivyo mchapaji wa Bukoba, jina la bidhaa hutoweka.

Matumizi: Mfasiri asichanganye chapa juu na chapa upya, yaani kutoa nakala nyingine. Kuanzia 1917, stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilichapwa juu herufi G.E.A. zitumike Tanganyika ya baadaye, hazikuchapwa upya.