Kishona Nguo: Jina la Gugu na Meno Yake

Kishona nguo ni gugu la msimu la jamii ya alizeti, ambalo wataalamu wa mimea huliita Bidens pilosa. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika, lakini leo limetapakaa duniani kote penye joto. Afrika Mashariki hulikosi katika mashamba ya mahindi, maharage na kahawa, wala kando ya barabara. Wapo wanaoliita kichoma nguo au kichoma mguu, na kwa Kikuyu ni mucege.

Jina kishona nguo limeundwa kwa kanuni ile ile iliyotupa kinasa sauti, kipaza sauti na kizima moto: kiambishi ki-, kitenzi, kisha kinachotendwa. Wingi wake, basi, ni vishona nguo. Aliyelibuni alitazama kazi ya gugu: ukikatiza penye gugu lililokauka, kanga au suruali hutoka imejaa vijiti vyeusi. Jina la kisayansi, alilolichapisha Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1753, linatazama umbo. Kwa Kilatini, Bidens ni “yenye meno mawili”, na pilosa ni “yenye vinyweleo”.

Tofauti hiyo ina uzito shambani. Mimea inayong’ang’ania nguo ni mingi, na mtu aweza kuita kishona nguo chochote kinachomganda. Meno ndiyo yanayoamua. Kile kijiti cheusi ambacho wengi hukiita mbegu ni tunda kavu lenye mbegu moja ndani. Urefu wake ni kama sentimita moja, na kwenye ncha yake kuna meno mawili au matatu, mara chache manne. Kila jino lina vimiba vilivyoelekea nyuma, mfano wa chembe ya ndoana. Ndiyo maana huingia kirahisi na kutoka kwa shida.

Gugu likiwa changa halina meno, hivyo anza na shina: lina pembe nne. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, na kwa kawaida kila jani limegawanyika vijani vitatu hadi vitano vyenye kingo za msumeno. Ua lina kitovu cha manjano. Pembeni huweza kuwa na petali chache nyeupe au zisiwepo kabisa, kwa hiyo petali pekee zisikuhadae.

Si adui mtupu. Majani machanga huliwa kama mboga, na wafugaji huwapa sungura. Lakini mmea mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 3,000, na penye unyevu wa kutosha vizazi kadhaa hupishana ndani ya mwaka mmoja.

Kama istilahi, kishona nguo linafaa kubaki: ni fupi, lina wingi wake, na mkulima hahitaji kufafanuliwa. Upungufu wake ni kwamba halituelekezi pa kutazama. Waandishi wa vijitabu vya kilimo waandike Bidens pilosa kando yake, angalau mara moja, ili gugu lisichanganywe na ndugu zake wala na mimea mingine inayonata. Nawe mkulima, ling’oe kabla maua hayajageuka vijiti vyeusi, na uzikague nguo zako kabla ya kuvuka kwenda shamba jingine.