Tumbaku ya Balkan Ihukumiwe kwa Jani Lake

Wavutaji wa kiko wanapoihukumu tumbaku iliyochanganywa kwa mtindo wa Balkan, kwanza hutafuta Latakia: jani jeusi, harufu ya ubani na ngozi, na moshi mzito unaong'ang'ania nguo hadi kesho yake. Ikijaa, kopo husifiwa. Ikipungua, husemwa kwamba mchanganyaji amebania. Kipimo hicho kimezoeleka, lakini kinalipa sifa jani lisilostahili. Latakia haikulimwa Balkan. Ilitoka milima iliyo nyuma ya bandari ya Syria yenye jina hilo, na baadaye Cyprus. Wakulima wa Songea wanaoijua tumbaku ya moshi hawahitaji maelezo marefu: majani hutundikwa banini, moto huwashwa chini, na moshi huyaingia mpaka yabadilike rangi. Kinachoitofautisha Latakia ya Cyprus ni kuni zake, misonobari na vichaka vyenye utomvu unaonukia. Kwa hiyo anayeisifu Latakia anasifu kwa sehemu kubwa moto na kuni, si shamba.

Mchango wa Balkan wenyewe ni jani dogo la Thrace na Macedonia. Hupandwa kwa kubanana katika ardhi maskini na kavu, na ile kiu ndiyo inayolifanya libaki dogo, lenye mafuta na harufu kali. Huchumwa alfajiri, hutungwa moja moja kwenye uzi kwa sindano ndefu, kisha huanikwa juani bila moto wowote. Lililoheshimiwa kuliko yote lilitoka Yenidje, mji mdogo uliokuwa chini ya Dola ya Uthmaniya, ambao leo ni Genisea nchini Ugiriki. Moto ulipouteketeza mwaka 1870, utawala na biashara vilihamia Xanthi, ambako maghala makubwa ya tumbaku yangali yamesimama. Sifa ya jani hilo ilivuka mipaka kiasi kwamba huko Dresden, Ujerumani, Hugo Zietz alijenga kati ya 1907 na 1909 kiwanda cha sigara chenye umbo la msikiti, kuba la vioo vya rangi na bomba la moshi lililofichwa ndani ya mnara, akakiita Yenidze. Gharama yote ile haikuwa kwa ajili ya Latakia. Hata kampuni ya Sobranie ya London, iliyoanzishwa mwaka 1879 na ambayo kopo lake jeupe la Balkan Sobranie ndilo lililolieneza jina la Balkan miongoni mwa wavuta kiko, iliitaja Yenidje kwa fahari.

Wapo watakaojibu kwamba kopo hilohilo jeupe lilikuwa na Latakia nyingi, na kwamba ndiyo waliyoipenda wateja. Ni kweli ilikuwamo, na mchanganyiko usio na Latakia kabisa usingekuwa wa mtindo huu. Lakini pua huizoea Latakia upesi. Katika mivuto ya mwanzo hufunika kila kitu. Kiko kikifika nusu, mvutaji haisikii tena kama mwanzo. Kuanzia hapo utamu hutoka kwenye jani la Virginia, ambalo nalo huwamo, na ule ukali mkavu wenye uchachu, unaofanana na maua yaliyokauka, hutoka kwenye jani la Thrace. Husikika zaidi moshi ukipitishwa taratibu puani. Anayetoa hukumu katika dakika za kwanza ameonja kuni tu.

Wengine hufungua makopo ya zamani na kusema yale ndiyo ushahidi kwamba ya leo yameharibika. Ushahidi huo ni dhaifu. Tumbaku iliyofungiwa miaka mingi huendelea kuchachuka polepole na kulainika, kwa hiyo kopo la zamani hupima pia muda na namna lilivyohifadhiwa. Isitoshe, Latakia ya Syria iliyokuwamo zamani imetoweka sokoni, na ya Cyprus haina harufu ileile.

Pingamizi zito zaidi ni la afya, na halina la kubishiwa: moshi wa kiko huleta saratani ya mdomo na koo, hata usipoingizwa mapafuni. Hilo halifuti haki ya wakulima kutajwa. Xanthi ilitwaliwa na Bulgaria katika vita vya Balkan vya 1912 na 1913, ikaingia Ugiriki mwaka 1920. Katikati ya mabadiliko hayo, Waislamu wa Thrace Magharibi, walioachwa nje ya ubadilishanaji wa watu wa 1923 kati ya Ugiriki na Uturuki, waliendelea kulima tumbaku hiyo. Ladha inayosifiwa London ilitoka mikononi mwao, na mjuzi anayeizungumzia Latakia peke yake amewasahau.

Kampuni ya Sobranie iliishia mikononi mwa kampuni ya Gallaher, na mchanganyiko wa awali ukakoma. Kopo lililotengenezwa tena kisiwani Jersey na kampuni ya Germain katika miaka ya 2010, kwa jina lilelile, lipimwe hivi: kiko kifike nusu, pua iwe imeshaizoea Latakia, kisha mwonjaji aseme kama jani la Thrace bado linasikika. Kama halisikiki, ni tumbaku nzuri ya Latakia, na iuzwe kwa jina hilo.